Karatasi ya Gunia la Mwanzo

Mtambile, Pemba
10 Septemba 1961

Mdogo wangu Khatib,

Asalam aleikum. Sisi huku wazima. Kama wewe mzima hatujui, maana tangu Mfunguo Nne hujatuandikia hata mstari. Baba anawaambia watu kwamba serikali imekushika kwa kazi. Mimi nawaambia imekushika kwa suruali, na wanacheka, na yeye hukasirika.

Habari kubwa ni karafuu. Miaka miwili tumechuma, tumeanika, tumeweka ndani, na mnunuzi hakuna, mpaka panya wakatuona sisi ndio wageni wao. Mwaka huu Mungu kaleta mtu. Abrahman, yule wakala wa Chake Chake, kasema iko meli inakuja Unguja kutoka nchi za Warusi, na inataka karafuu tupu. Shemeji yako Matano, unamjua hajui kukaa, kazunguka Mtambile yote na kukusanya karafuu za nyumba kumi na moja. Yeye mwenyewe hana hata mkarafuu mmoja, lakini ukimwona utadhani ni zake zote.

Gunia la mwanzo tulilishona hapa uani Ijumaa. Baba akaandika karatasi yake kama alivyokuwa akiandika babu: miraba ya hesabu kwa wino wa zafarani, na chini yake wenye karafuu wote kumi na moja, kila mtu kwa jina la mamake. Akaikunja, akaitia katikati ya karafuu, akasoma dua, na mimi nikashona mdomo wa gunia. Baba anasema bila ile karatasi karafuu huenda lakini baraka hubaki nyuma.

Sasa nakuuliza wewe uliye karibu na wakubwa. Sheha kasema kumuuzia Mrusi ni kujitafutia balaa, kwamba Waingereza na Waamerika wameshagombana naye na atakayesimama katikati atakanyagwa. Ni kweli? Nyumba kumi na moja hizi zina watoto, Khatib. Kama ni kosa, sema sasa.

Dada yako,
Mwatum

*

Unguja
19 Septemba 1961

Dada Mwatum,

Aleikum salaam. Nisamehe kwa kimya. Kazi ni nyingi na suruali, ukitaka kujua, ni ile ile moja.

Si kosa. Serikali yenyewe inataka karafuu ziuzwe, maana pasipo karafuu hakuna mshahara wa polisi, wala wa dakitari, wala wa Khatib. Lakini serikali hiyo hiyo inataka kumjua kila anayeuza na kila anayenunua. Asubuhi huja wakubwa wa biashara wakasema tuuze, mchana huja wakubwa wa usalama wakasema tuchunguze, na karatasi za pande zote mbili nazipiga chapa mimi. Waamerika nao wana mtambo wao huku shamba wa kufuatia vyombo vinavyorushwa angani, na hawapendi meli ya Mrusi itie nanga karibu. Kila mtu anamwogopa mwenzake, na wote wanazitaka karafuu.

Basi Matano auze. Asipokee vitabu, asipokee picha, asipokee redio, na mtu akimwambia kuna nafasi ya kijana kwenda kusoma huko, aseme hamjui kijana yeyote.

Mimi nimepandishwa. Nimehamishiwa chumba cha ndani, kwa Bwana Lorimer wa usalama. Nimetia saini kwamba sina ndugu mwenye shughuli na nchi zile. Karafuu ni za majirani, kwa hiyo sikuona haja ya kuzitaja. Mwambie Baba nimepandishwa, usimwambie chumba gani.

Barua zako usizitie posta tena. Mpe Msellem, yule baharia wa meli ya serikali, aniletee mkononi. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Khatib

*

Unguja
2 Novemba 1961

Dada,

Nina haraka. Ile karatasi ya gunia la mwanzo, mwaka huu aliiandika Baba kwa mkono wake, au aliandika mwanafunzi? Na wale watu aliwaandika kwa mama zao kama zamani? Nijibu kwa Msellem safari hii hii. Usimwambie Baba kwamba nimeuliza.

Khatib

*

Mtambile
5 Novemba 1961

Mdogo wangu,

Umenichekesha. Miaka minane Unguja hukumbuki hata kuuliza kama mama yetu kaburi lake limepaliliwa, leo umeikumbuka karatasi. Wewe si ndiye uliyekuwa ukimshikia kidau cha zafarani, ukajipaka puani?

Ndiyo, ni mkono wake. Mwanafunzi gani atapewa kazi ile? Na ndiyo, kwa mama zao: Masika bin Mwanaasha, Kificho bin Mwanabaraka, wote mpaka wa mwisho. Kwani dua huombwa vipi?

Kama unataka na wewe uandikiwe, sema. Baba atafurahi kupita kiasi. Anadhani Unguja imekusahaulisha mambo haya.

Meli imeshapakia? Abrahman amenyamaza, na Matano kila siku yuko barabarani anangoja gari la Chake.

Mwatum

*

Mtambile
27 Novemba 1961

Khatib,

Wamemchukua Baba.

Walikuja asubuhi, askari wanne na Wazungu wawili, kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Walivua viatu. Wakachukua vitabu vyake, vidau vyake, na ule ubao anaowaandikia watoto hesabu. Wakamwonyesha karatasi wakamuuliza kama ni yake. Akasema, "Yangu, na mkono wangu." Kama mtu aliyeokotewa kofia yake. Wakamwambia apande gari.

Wale kumi na moja nao waliitwa Chake mmoja mmoja. Masika kaulizwa, "Jina lako hasa ni lipi, na hili lingine ulipewa na nani?" Kificho kawekwa siku tatu. Matano naye kachukuliwa, akaulizwa mchana kutwa, jioni wakamwachia, maana jina lake katika karatasi halimo. Angekuwemo vipi, na yeye hana mkarafuu?

Baba alipokuwa anapanda gari aliwaambia majirani wasihuzunike. Kasema, "Mwanangu yupo huko huko serikalini. Neno moja lake tu, nami nishajirudia." Kwa hiyo sikuandikii maneno mengi. Nenda kwa bwana wako umwambie hiyo ni dua ya karafuu. Basi.

Mwatum

*

Unguja
4 Desemba 1961

Dada,

Nimepata barua yako. Jambo hili si la neno moja kama Baba anavyodhani. Lina njia zake na ngazi zake. Karatasi imepelekwa Ulaya kwa mtaalamu, na jibu likija yatakwisha. Niachie mimi.

Usije Unguja. Mwambie na Matano asije. Mtaharibu.

Khatib

*

Mtambile
9 Februari 1962

Mdogo wangu,

Miezi miwili na zaidi. Ramadhani imeingia na Baba hayupo. Watoto wa chuoni kwake wamesoma siku tatu peke yao, wakachoka, wakaacha. Nikipita upande wa chumba chake husikia akikohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kuanza darasa. Bi Mwatima jirani naye kasikia, tena kabla sijamwambia. Hatuzungumzi tena habari hiyo.

Tumeambiwa yupo Unguja, katika nyumba ya kuwekea watu, si mbali na ofisi yenu. Basi wewe uko naye mji mmoja. Nimempa Msellem shali lake na tende kidogo. Mpelekee, na unipe habari zake kwa macho yako, si za ngazi wala njia.

Na liko jingine. Watu wamemgeukia Matano. Wanasema: magunia kapakia nani? Matano. Kumi na moja wameandikwa, nani hakuandikwa? Matano. Kificho kalala siku tatu, Maalim hajarudi mpaka leo, na nani kaachiwa siku ile ile? Tangu fujo za uchaguzi za Juni huko Unguja, hata huku watu wamejifunza kuulizana babu yako katoka wapi. Babu yake Matano katoka bara, na hilo lilikuwa halijatajwa mbele yangu miaka kumi na miwili ya ndoa. Sasa linatajwa. Juzi alitoa salamu msikitini, akajibiwa na mtu mmoja.

Mimi sina hasira na majirani, wameogopeshwa. Lakini mtu mmoja akijua nani aliyetia fitina karatasi ile, amtaje. Wewe uko huko. Huwezi kujua?

Dada yako,
Mwatum

*

Unguja
22 Februari 1962

Dada,

Baba nimemwona kwa mbali. Ni mzima. Anafunga. Shali nimempelekea kwa mkono wa mtu mwingine.

Juzi Mmarekani amezungushwa dunia mara tatu ndani ya chombo, na mtambo wao wa huku ulizungumza naye akipita. Ofisi nzima ilikuwa kwenye redio. Wakubwa walipeana mikono kama watu waliopata mtoto.

Nani aliyetia fitina sijui. Mwambie Matano avumilie.

Siku hizi sipendi kuitwa bwana karani. Mtu akiniita hivyo nashituka, hata mwuza kahawa. Sijui kwa nini nakwambia hivi.

Khatib

*

Mtambile
2 Mei 1962

Khatib,

Baba amerudi. Waliambiwa na Ulaya kwamba karatasi ni dua, wakamrudishia vitabu, wakampa na barua ya kuomba radhi kwa Kiingereza, ambayo hapa hakuna wa kuisoma.

Amekonda, na kifua kibaya. Uani hakai tena. Majirani wote walikuja kumpa pole, wakamuuliza, "Na Khatib, Maalim? Kakusaidia?" Akasema mbele ya wote, "Unguja sikumwona mwanangu. Yu mbali, wamemweka kazi za mbali. Angekuwapo yangekwisha zamani." Aliyasema mara moja tu, na aliyemuuliza tena alimkata kauli.

Nilipobaki naye peke yangu nikamuuliza lile shali kaletewa na nani. Akasema hakuletewa shali.

Wewe uliniandikia umempelekea. Mimi si hakimu, nauliza tu shali liko wapi.

Matano kaenda kumbusu mkono, na Baba kaushika mkono wake kwa muda mrefu. Waliokuwapo wametafsiri wanavyotaka: kamsamehe. Kamsamehe nini, mtu asiyekosa?

Mwatum

*

Unguja
25 Julai 1962

Dada yangu,

Simu ya msiba wa Baba niliipata mchana wa tarehe kumi na nane. Nikaikunja, nikaendelea kupiga chapa mpaka saa ya kufunga ofisi. Meli ya kuja huko ilikuwapo kesho yake na sikuipanda. Nitakueleza sababu, na nitayapanga yote kwa mfuatano, maana nikiyachanganya nitapata pa kujificha.

Mwisho wa Oktoba walifungua magunia bandarini. Meli ile ilikuwa ikiangaliwa tangu ilipotia nanga. Katika gunia moja wakaikuta karatasi, na Bwana Lorimer akaileta mezani kwangu. Niliijua kabla hajamaliza kuikunjua. Harufu ya zafarani, na ile herufi ya kafu ya Baba yenye mkia mrefu. Akaniuliza, "Nini hii?" Nikamjibu, "Sijui, bwana."

Hapo ndipo, dada. Mengine yote yametoka hapo.

Nilikwisha kumwambia Mzungu yule, siku ya kwanza, kwamba nyumbani kwetu ni watu wa elimu na mambo ya hirizi hatumo. Nilisema ili anione mtu. Na nilikwisha kutia saini. Nikaona nikisema naijua ataniuliza nimeijuaje, na nikisema ya baba yangu nimetoka chumba cha ndani, pengine nimetoka kazini kabisa. Nikadhani nikisema sijui wataitupa.

Hawakuitupa. Lorimer alisema kama Mpemba aliyesoma hawezi kuifahamu, basi imeandikwa isifahamike. Wakayatafuta yale majina kumi na moja katika daftari la serikali, wasipate hata moja, maana daftari lina Masika bin Ali na Kificho bin Hamad, halina mama wa mtu. Wakasema ni majina ya bandia, ya watu wa siri wa Mrusi katika Pemba. Zile hesabu zinazotoa jumla moja kila upande wakasema ni ufunguo wa kusomea barua nyingine. Nilikuwa nimeketi pale pale. Mtoto wa chuoni wa miaka saba angewaambia. Nikakuandikia wewe kuuliza kama ni mkono wake, nikitumai utasema ni mwanafunzi.

Alama ya gunia ikawafikisha kwa Abrahman, naye akawaelekeza Mtambile; kisha wakamleta Baba Unguja. Siku ile Mmarekani alipoizunguka dunia, mkalimani wa kila siku alikuwa mgonjwa, nikaitwa mimi. Lorimer aliniuliza njiani, "Mzee huyu ni Silima na wewe Khatib Silima. Mna udugu?" Nikasema kina Silima Pemba ni wengi.

Baba alikuwa ameketi. Alinitazama mara moja. Akasema, "Asalam aleikum, bwana karani," kwa sauti anayowapa watu asiowajua. Swali la mwanzo lilikuwa kama ana watoto. Nikatafsiri. Akasema, "Mwambie bwana wako mie n'na mtoto mmoja, mwanamke, kaolewa Mtambile." Ndipo nikafahamu kwamba ananificha. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu, dada, na alikuwa ananificha.

Lorimer akaiweka karatasi mezani. Baba akaeleza. "Hino dua ya karafuu, bwana karani. Majina ya mama, kwa vile mama wa mtu ndo hana shaka. Mwambie tu, ni jambo dogo." Nami nikamwambia Lorimer kwa Kiingereza: anasema ni jambo la dini yake, hawezi kulieleza.

Ningetafsiri sawa, Lorimer angenigeukia: kumbe ni jambo la kila Mpemba, na wewe ulisema hujui? Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Aliuliza mara tatu. Mara tatu Baba alieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wazito, na mara tatu nikasema yale yale. Mara ya tatu alinyamaza katikati, akanitazama mdomo. Kiingereza hajui, lakini maneno yake yalikuwa marefu na yangu yalikuwa mafupi. Akasema, "Basi, bwana karani. Ushamwambia."

Akarudishwa ndani, akakaa miezi miwili zaidi. Shali lako liko chini ya godoro langu. Sikuthubutu hata kumpa mtu alipeleke.

Sikiliza na hili. Karafuu zile hazikwenda popote. Ziliwekwa bohari, na mwezi wa Aprili, wiki ile ile mtaalamu alipojibu, wakubwa wa biashara walishinda, zikauzwa. Kwa Warusi wale wale. Ruhusa niliipiga chapa mimi.

Ofisini hakuna aliyenilaumu. Wamesema mimi ni mtu wa kuaminika. Lakini sitafsiri tena maneno ya mzee yeyote bila kumsikia yeye. Mtu anazungumza habari za shamba au za ndoa, na nyuma ya maneno yake namsikia Baba anaeleza mara ya nne. Naye kwangu si mkali, dada. Anaeleza tu.

Khatib

*

Mtambile
3 Agosti 1962

Khatib,

Barua yako nimeisoma mara moja, na sitaisoma tena peke yangu.

Nina la kukwambia ambalo sikuliweka katika simu. Siku mbili kabla ya kufa, Sheha alikuja kumwangalia, akamuuliza kwa upole, "Maalim, Khatib tumpelekee habari?" Baba alikuwa na akili zake zote. Akamjibu, "Mie n'na mtoto mmoja, Mwatum, naye yupo hapa." Sheha akanitazama, na mimi nikasema ni homa.

Sasa nimesoma kwamba maneno hayo alishawahi kuyasema, mbele yako, kukuokoa. Basi siku ile kitandani alikuwa bado anakuficha, au alikuwa anakukana? Nimejiuliza wiki nzima. Mimi niliyemwosha uso sijui, na wewe hutajua, na hakuna wa kumuuliza. Ukae nalo hilo kama mimi ninavyokaa nalo.

Kulia nitalia baadaye. Kwanza mume wangu. Watu wanapita njia nyingine wasimkute. Msimu huu hakuna aliyempa hata pishi moja ya karafuu apeleke sokoni, na juzi mtu kaupaka mlango wetu kinyesi. Anaamka, anafagia, anakwenda kuketi peke yake. Ameniambia, "Pengine nilikosa kitu, Mwatum, sikumbuki." Ameanza kujiuliza kama kweli!

Arobaini ya Baba ni tarehe ishirini na saba. Wale kumi na moja wote watakuwapo. Njoo. Simama uani kwetu useme haya uliyoniandikia, kwa mdomo wako. Sitaki kingine kwako maisha yangu yote.

Mwatum

*

Unguja
12 Agosti 1962

Dada,

Ruhusa nimeomba, sikupewa. Huo ni uongo. Sikuomba. Nimefika gatini mara mbili na mkoba mkononi, nikarudi.

Siwezi kusimama pale. Barua ile isome wewe, mbele ya wote, kila neno. Nakuruhusu. Wataujua mkono wangu, wote wamewahi kuandikiwa barua na mimi nilipokuwa mdogo. Matano atasafika.

Nisamehe, hata kama si leo.

Khatib

*

Mtambile
30 Agosti 1962

Khatib,

Niliisoma. Baada ya khitma, kabla ya chakula, nilitoka na buibui langu nikasimama mlangoni, nikawaomba radhi wanaume, nikaisoma yote mpaka jina lako. Pale kwenye midomo ya Baba niliurudia mstari, nikaendelea.

Kisha Kificho, aliyelala siku tatu Chake kwa ajili ya uongo wako, akasema, "Bi Mwatum, siye hatukulaumu. Mtu humtetea mumewe."

Nikampa barua aitazame mkono. Hakuishika. Akasema, "Maalim mwenyewe katwambia, hapa hapa, Unguja hakumwona mwanawe. Leo weye wataka tumkadhibishe maiti, siku ya arobaini yake, kwa karatasi?" Masika akasema, "Karatasi siye tushaziogopa." Na wengine wakaitikia kwa vichwa, tena kwa huruma, ndilo lililoniua. Wananionea huruma kwamba nimefika mahali pa kumzulia ndugu yangu.

Matano alikuwapo. Akachukua birika na beseni kuwanawisha wageni, kama mwenye nyumba afanyavyo. Alipofika kwa Kificho, Kificho akasema keshanawa. Hakuwa amenawa. Aliyefuata naye akasema hivyo hivyo, na aliyefuata. Matano akazunguka uwanja wote na maji yake, akarudi nayo ndani.

Tunakwenda Tanga, kwa jamaa zake ambao hajapata kuwaona. Babu yake ndiye aliyewajua. Amezaliwa Mtambile hii, na kwao kwengine hakujui, lakini keshasema twende, na mimi sikubishana. Nyumba namwachia Bi Mwatima. Chumba cha Baba nimekifunga. Kikohozi bado tunakisikia, na Bi Mwatima anasema yeye hakimsumbui.

Usije. Sikwambii kwa hasira, hasira zimenitoka. Nimelipima jambo hili usiku na mchana. Baba alisema hakukuona, na watu wamemsadiki. Hata ukija sasa, ukasimama mbele yao ukaapa kwa msahafu kwamba ni wewe, watashikana mikono na wewe wakusifu. Watasema Khatib ana moyo mzuri, amekuja kumtetea shemeji yake.

Tunaondoka Jumatatu. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Mwatum